Kazi za kozi nawasilisha, utafiti umesimama: nifanyeje?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Niko muhula wa tatu wa shahada ya uzamili. Nimebakiza kozi mbili, na pendekezo langu la utafiti lilipitishwa muhula uliopita. Kazi za kozi nawasilisha, mara nyingi usiku wa mwisho, lakini nawasilisha na alama si mbaya. Utafiti ndio haujasogea. Kila asubuhi najiambia leo naandika sura ya pili, jioni inanikuta sina hata aya moja. Msimamizi wangu nilimwahidi rasimu. Sasa ni wiki ya tano namkwepa, hata barua pepe zake nazifungua kwa woga. Je, mimi ni mvivu tu? Niusimamishe utafiti rasmi mpaka kozi ziishe? Na huyu msimamizi nimwandikie nini?

Jibu: Marahaba.

Swali la uvivu tulimalize kwanza ili tusilirudie tena. Mvivu huacha vyote. Wewe unakesha na zoezi la takwimu, unasoma makala za semina, unawasilisha, unafaulu. Nguvu ya kufanya kazi unayo, ila yote inamwagika upande mmoja. Kwa hiyo tuiache tabia yako, tuzitazame hizi kazi mbili zenyewe, maana hazifanani hata kidogo na wewe unajaribu kuzifanya kwa mtindo mmoja.

Angalia kazi ya kozi inavyokufikia. Inakuja na swali lililokwisha kutungwa, idadi ya kurasa, tarehe ya mwisho, mgawanyo wa alama, na mhadhiri atakayeisahihisha. Wenzako darasani wanafanya hiyo hiyo, mnaulizana. Hata ukikosea, unakosea ndani ya mipaka iliyochorwa na mtu mwingine. Utafiti unakuja mtupu. Swali unalitunga wewe, mipaka unaichora wewe, na tarehe pekee iliyoandikwa mahali ni ya kuwasilisha tasnifu, ambayo iko mbali kiasi kwamba leo haimtishi mtu. Hakuna mwenzako anayefanya utafiti huo huo. Na hakuna anayejua kama leo umeugusa au hukuugusa, isipokuwa wewe.

Kazi hizo mbili zikikaa mezani kwa wakati mmoja, kozi itashinda kila siku. Mwaka 2018 watafiti Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walichapisha mfululizo wa majaribio kuhusu jambo hili hili. Watu walipewa kuchagua kati ya kazi yenye faida ndogo inayoonekana kukaribia kufungwa, na kazi yenye faida kubwa zaidi isiyo na haraka. Waliochagua ile yenye faida ndogo waliongezeka ilipopewa sura ya haraka, hata pale ambapo haraka yenyewe haikuwa na maana yoyote kwao. Wewe unalirudia jaribio hilo kila wiki: zoezi lenye asilimia 5 ya alama za kozi moja linaisukuma pembeni tasnifu inayobeba shahada nzima.

Lakini tarehe peke yake haielezi yote. Hebu turudi kwenye asubuhi moja kati ya hizo unazozitaja. Umefungua kompyuta. Faili linaitwa "sura ya pili", ndani yake kuna kichwa cha habari, Mapitio ya Maandiko, na chini ya kichwa hicho kuna nusu sentensi uliyoiandika mwezi uliopita. Unaisoma. Unabadilisha neno moja, kisha unalirudisha. Unaona huwezi kuendelea kabla hujaisoma ile makala ambayo kila mwandishi anaitaja, kwa hiyo unaitafuta, unaipakua, unaiweka kwenye folda pamoja na nyingine ambazo hujazifungua bado. Unarekebisha nafasi kati ya mistari. Kifua kinaanza kubana kidogo. Hapo ndipo unapokumbuka kuwa kuna zoezi la wiki ijayo, na ghafla unaona ni busara kulimaliza mapema, kwa mara ya kwanza katika muhula huu. Unafunga faili. Kifua kinalegea.

Huo mlegeo ndio unaokurudisha pale pale kila siku. Mwaka 2013 wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika kwamba kuahirisha, kwa sehemu kubwa, ni namna ya kutuliza hisia za sasa hivi. Mtu anachokimbia ni vile anavyojisikia akiwa mbele ya kazi: mashaka, aibu, kutojua aanzie wapi. Anapata nafuu papo hapo, na gharama anamwachia yule atakayekuwa yeye kesho. Kila ukifunga faili na kupumua, unajifunza kulifunga haraka zaidi siku inayofuata. Na wewe una balaa la ziada, kwa sababu maficho yako yana heshima. Mwenzako anayekimbilia simu anajua fika kwamba anakwepa. Wewe unakwepa kalamu ikiwa mkononi, ukifanya kazi halali yenye alama, na jioni una ushahidi kwamba hukukaa bure. Ndiyo maana wiki tano zimeweza kupita bila kelele.

Sitakuhubiria kwa methali. "Ngoja ngoja huumiza matumbo" umeisikia tangu utotoni na haijakuandikia ukurasa hata mmoja, kwa sababu maumivu ya tumbo huja mwishoni na nafuu huja leo. Dianne Tice na Roy Baumeister waliwafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu katika muhula na kuchapisha matokeo yao mwaka 1997. Mwanzoni mwa muhula, wale wenye tabia ya kuahirisha walikuwa na msongo mdogo na waliugua kidogo kuliko wenzao. Mwishoni mambo yaligeuka: msongo na magonjwa yakawaelemea hata ile nafuu ya mwanzo ikafutika, na alama zao zikawa chini. Kwenye kozi mzunguko huo huisha ndani ya muhula mmoja, kwa hiyo kila muhula unaonja matokeo yake na kujirekebisha kidogo. Utafiti hauna huruma hiyo. Unaweza kuchukua nafuu za kila siku kwa mwaka mzima kabla deni halijadaiwa.

Sasa swali lako la pili. Usiusimamishe utafiti, isipokuwa kwa sababu moja nitakayoitaja baadaye kidogo. Kozi zikiisha, utafiti hautaamka siku moja ukiwa na tarehe, mipaka na msahihishaji. Utapata muda mwingi zaidi, basi, na muda mwingi usio na umbo ndio kuahirisha kunakostawia. Miongoni mwa wanafunzi ninaowasimamia, waliosubiri "nikimaliza tu kozi" mara nyingi walijikuta wamepoteza hata ile ratiba ya vipindi iliyokuwa inawaamsha asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hawalipigii hesabu. Ndani ya utafiti kuna shughuli zinazojiendea zenyewe ukishaziachia: maombi kwa kamati ya maadili, barua ya ruhusa kutoka taasisi unakotaka kukusanya data, miadi ya watu wa kuhojiwa, zamu ya kutumia kifaa cha maabara. Kila moja inaweza kukaa wiki kadhaa kwenye meza ya mtu mwingine, na wiki hizo hupita iwe wewe unafanya kitu au hufanyi. Fomu uliyoipeleka leo inatembea ofisini huku wewe ukiwa kwenye mhadhara. Usiyoipeleka itakuweka kitako hapo baadaye, kozi zimeisha, muda upo, kibali hakuna. Kama hujapeleka hata moja kati ya hizo, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza wiki hii. Sura ya pili ingoje hadi fomu iondoke mikononi mwako.

Sababu ya kusimamisha niliyoisema ni hesabu ya saa. Chukua wiki yako ya kawaida uandike: vipindi, kujisomea, kazi ya kulipwa kama unayo, familia, safari za kwenda na kurudi, usingizi wa saa saba au nane. Vyuo vinavyofuata mfumo wa krediti wa Ulaya huhesabu krediti 1 kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, darasani na nje ya darasa, kwa hiyo kozi ya krediti 6 inadai saa 150 hadi 180. Chuo chako kama kinatumia mfumo mwingine, tafuta hesabu yake kwenye mwongozo wa programu. Ukijumlisha yote ukakuta hata saa tano kwa wiki hazibaki, basi wewe huahirishi, umeelemewa, na hakuna mbinu ya kujitia moyo itakayozaa saa ambazo hazipo. Hapo ama kozi moja isogezwe, ama utafiti usimamishwe kwa maandishi, kabla tarehe ya mwisho ya kubadilisha usajili haijapita. Ila kwa ulivyoandika, nadhani saa zipo. Zinaliwa na kozi kwa sababu umeziacha kozi zijilie zinavyotaka.

Kinachobaki ni kuupa utafiti umbo ambalo kozi huja nalo tayari. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kazi.

"Kuandika sura ya pili" hakufanyiki. Fundi haamki akajenga nyumba. Anaamka akachanganya zege la nguzo mbili. Jambo linalofanyika ni lile ambalo unajua unaanzia wapi, unajua limekwisha lini, na linaingia ndani ya kikao kimoja. Hukuniambia mada yako, basi tuseme ni usingizi na ufaulu wa wanafunzi. Kikao cha kwanza: chora jedwali lenye safu nne. Sampuli ilikuwa watu gani na wangapi, usingizi ulipimwaje, ufaulu ulipimwaje, walipata nini. Chukua makala tatu zilizokwisha kuwa kwenye folda, jaza safu hizo, funga kompyuta. Usiandike aya, usitafute makala mpya. Kikao cha pili: makala tatu nyingine. Kikao cha tatu: tazama ile safu ya vipimo vya usingizi. Utaona baadhi ya watafiti waliwauliza watu walilala saa ngapi, wengine waliwavalisha kifaa mkononi usiku. Hapo una mafungu mawili na una swali: je, matokeo ya mafungu haya yanafanana? Andika aya moja ya kulijibu swali hilo kwa kutumia jedwali lako tu.

Aya hiyo itakuwa mbaya. Sentensi zitarudiarudia, viungo vitakosekana, utaichukia. Iache ilivyo, weka tarehe pembeni, endelea. Lakini angalia kilichotokea: una kipande cha mapitio ya maandiko chenye hoja, na hakuna siku uliyokaa chini "kuandika sura ya pili".

Jedwali lina faida nyingine, nayo ni kukufunga mikono kwenye usomaji. Kusoma ndiyo kuahirisha kunakofanana zaidi na utafiti. Unasoma makala, inakupeleka kwenye nyingine mbili, hizo zinakupeleka kwenye nne, na kila moja inakuhakikishia kwamba bado hujui vya kutosha kuandika. Hutakaa ujue vya kutosha. Kanuni ninayowapa wanafunzi ni ngumu kidogo: makala isiyo na mstari kwenye jedwali haijasomwa, na kabla mistari ya leo haijajaa hakuna kupakua nyingine.

Kuhusu muda, uweke kabla ya kozi, na uwe mfupi. Dakika 45 hadi 90, siku nne kwa wiki, saa ile ile kadiri ratiba inavyoruhusu. Watu hufanya kinyume: kozi kwanza, utafiti "ukibaki muda". Haubaki, kwa sababu kazi yoyote ya kozi inaweza kunyooshwa mpaka usiku. Ukitanguliza utafiti, kozi bado itafanyika. Tarehe yake itakuburuta utake usitake, kama inavyokuburuta sasa. Robert Boice, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewachunguza kwa miaka mingi wahadhiri waliokwama kuandika, alikuta kwamba vikao vifupi vya kila mara vilizaa kurasa nyingi kuliko kusubiri siku nzima iliyo wazi ili mtu aandike kwa mkupuo. Mimi naona sababu iko wazi. Anayeandika mara moja kwa wiki mbili hutumia saa ya kwanza kujikumbusha alikuwa anasema nini.

Wengi watakutajia ile saa ya dakika 25 aliyoibuni Mtaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980: fanya kazi dakika 25, pumzika tano, rudia. Kwa kujaza jedwali ni nzuri, na kwa mtu anayeogopa faili lake ni nzuri zaidi, kwa kuwa dakika 25 hazimtishi mtu. Kwa kuandika hoja siipendi. King'ora kinalia sentensi ndiyo kwanza inakaa sawa. Na zile ratiba zenye rangi saba, kila saa na rangi yake, ziepuke kabisa. Zinapendeza macho, na kuzichora kunakula asubuhi nzima. Simu iwe chumba kingine. Hilo halihitaji maelezo.

Nia ya jumla haitoshi hata ukishakata kazi vipande. Mwaka 1997 Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi nchini Ujerumani. Waliwaomba waandike taarifa ya namna walivyoutumia mkesha wa Krismasi na kuituma ndani ya siku mbili. Kundi moja lilitakiwa kuamua mapema ni saa ngapi na mahali gani wataandikia. Katika kundi hilo takriban asilimia 70 walituma kwa wakati. Katika lile lisiloamua lolote ilikuwa karibu theluthi moja. Wote walikuwa na nia. Waliotangulia kuamua hawakulazimika kuamua tena wakati ule mgumu.

Kwa hiyo andika sentensi zako mbili, kwa mkono kama unaweza. Ya kwanza ya kuanzia: "Kipindi cha Jumanne kikiisha saa nne, nakwenda moja kwa moja ghorofa ya pili ya maktaba, nafungua jedwali, najaza makala tatu." Ya pili ni ya ile dakika ya kifua kubana, na hii ndiyo ambayo watu huisahau: "Mkono ukielekea kwenye faili la kozi kabla muda haujaisha, naandika kwanza sentensi moja, hata iwe mbovu, halafu ndipo niamue." Mara nyingi ukishaandika hiyo moja, hutaondoka. Siku utakayoondoka, utaondoka ukiwa umeongeza sentensi.

Makadirio yako ya muda usiyaamini. Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa saikolojia nchini Kanada waliokuwa wanakamilisha tasnifu zao za shahada ya kwanza kwamba watamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema siku 34. Wakaulizwa tena: na mambo yote yakienda vibaya kabisa? Wakasema siku 49 hivi. Walitumia siku 55. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1994, na sijaona dalili kwamba wanafunzi wamebadilika. Mahali pa hatari zaidi ni zile kazi zinazoonekana za mikono tu. Mahojiano ya saa moja, kwa mfano, kuyanukuu neno kwa neno huchukua saa nne hadi sita kwa mtu aliyezoea, na zaidi kwa anayeanza. Ukiwa na mahojiano 15, hiyo ni kazi ya wiki mbili za siku nzima nzima, na katika ratiba nyingi za pendekezo huandikwa mstari mmoja: "kuandaa data". Njia nzuri ya kukadiria ni kufanya kipande kidogo, kupima kilichukua muda gani, na kuzidisha.

Upande wa kozi nao unahitaji dari. Si kila zoezi linastahili usiku wako. Amua kabla hujaanza kwamba zoezi hili la asilimia 5 ni la saa tatu, na saa tatu zikiisha wasilisha lilivyo. Wanafunzi wazuri huumia sana wakiambiwa hivi. Lakini wewe katika muhula huu unauza tasnifu ili kununua alama chache za zoezi, na ukiniuliza mimi, hiyo biashara haina faida. Njia nyingine, kama kozi zako zina makala ya mwisho ya kujichagulia mada, ni kuchagua mada inayogusa utafiti wako. Makala ya kozi ya mbinu za utafiti inaweza kuwa juu ya namna usingizi unavyopimwa, na kozi ikakupa bure ile tarehe na msahihishaji ambao sura ya pili haina. Muulize mhadhiri kwanza, na uulize pia kanuni za chuo kuhusu kurudia maandishi yako mwenyewe, maana vyuo vingi huhesabu kuwa ni kosa kuwasilisha maandishi yale yale mara mbili bila kutaja.

Kuhusu hizo wiki tano, ziache. Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett walifanya utafiti kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ukachapishwa mwaka 2010. Wale waliojisamehe kwa kuahirisha kujiandaa na mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kwenye mtihani uliofuata. Inaonekana ajabu kwa sisi tuliolelewa kuamini kwamba mtu asipojilaumu atazembea, lakini inaendana na yote niliyokwisha kusema: lawama inaongeza ubaya wa kulifungua faili, na faili linalouma ndilo linaloachwa.

Jambo moja zito zaidi, ambalo kwa barua siwezi kulipima. Kama kinachokushinda si utafiti peke yake, ikiwa umepoteza hamu hata ya vitu ulivyokuwa unavipenda, hulali au unalala mno, na hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi, nenda kwa mshauri wa wanafunzi au kituo cha afya cha chuo. Vivyo hivyo kama kutulia kwenye jambo moja kumekuwa shida tangu utotoni, shuleni na nyumbani. Hayo yana majina na yana matibabu, na jedwali la safu nne halitayaponya.

Sasa msimamizi. Umekuwa ukisubiri uwe na rasimu ndipo umwandikie, na kadiri siku zinavyopita rasimu inatakiwa iwe nzuri zaidi ili ifidie ukimya. Bei hiyo itapanda kila wiki, kwa hiyo mwandikie ukiwa na kidogo ulichonacho. Fanya kwanza vikao vitatu vile nilivyoeleza, halafu siku hiyo hiyo tuma kitu kama hiki:

"Shikamoo, Daktari. Naomba radhi kwa ukimya wangu. Rasimu niliyokuahidi haijakamilika. Nilichonacho ni jedwali la makala sita na aya moja kuhusu vipimo vya usingizi, nimeviambatanisha vilivyo. Nimekwama kwenye mpangilio: sijui kama sehemu hii niipange kwa aina ya vipimo au kwa mfuatano wa miaka. Naomba dakika ishirini wiki ijayo, siku yoyote itakayokufaa. Kabla ya hapo, Ijumaa, nitakutumia kurasa tatu za sehemu hiyo."

Radhi imeombwa mara moja na imetosha. Hakuna hadithi ya kompyuta kuharibika wala ya msiba. Kuna kiambatanisho, kuna swali ambalo msimamizi anaweza kulijibu kwa dakika chache, na kuna ahadi ndogo ambayo hata wiki mbaya haitaivunja. Wasimamizi wengi, niseme ukweli, hawakuwa wamekaa wakihesabu wiki zako. Wana tasnifu za wengine za kusoma na makala zao wenyewe wanazoziahirisha.

Mkikutana, omba jambo moja: kuonana kila baada ya wiki mbili kwa muda mfupi, na wewe kutuma chochote jioni ya siku iliyotangulia, hata nusu ukurasa. Hiyo ndiyo tarehe ya mwisho uliyokuwa unakosa, na ndiye msomaji uliyekuwa unakosa. Akiwa hana nafasi hiyo, tafuta mwanafunzi mwingine aliyekwama, mkae meza moja asubuhi mbili kwa wiki, kila mtu na faili lake, bila mazungumzo.

Anaweza kukujibu kwa ukali. Soma, mshukuru, tuma kurasa tatu Ijumaa kama ulivyosema. Na akikuuliza sura nzima utaileta lini, usimtajie tarehe papo hapo ili kumfurahisha. Mwambie utampa makadirio baada ya sehemu hii ya kwanza, kwa sababu hapo utakuwa unajua kurasa tatu zimekugharimu saa ngapi.